Nyumba Bila Ardhi

Mishi alipofika Chaani asubuhi ile alikuta chumba cha mwisho kiko wazi, mlango umeachama, na sakafuni hamna kitu ila kipande cha mkeka na soksi moja ya kiume. Vijana wawili waliokuwa wamekikodi walikuwa wamehama bila kuaga. Akasimama ukumbini, mkoba kwapani, akivipitia vyumba kwa macho kimoja kimoja kana kwamba huenda kuna mtu aliyejificha. Vilikuwa vinane. Vyenye watu sasa vilikuwa viwili.

"Nilisikia mkokoteni nikadhani ni wa maji, mathe," alisema Judy, msusi aliyekaa chumba cha mbele. Alikuwa amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. "Si ningekupigia simu?"

"Na kodi yangu?"

Judy akatema povu nje, akafuta kidevu. "Hiyo sasa uiombee dua."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba pande mbili, kuta za udongo na mawe zilizopigwa lipu ya saruji kwa nje, na mabati juu. Mumewe, Boga, aliinunua mwaka ule ule aliopoteza kazi. Kwa miaka mingi alikuwa akipanga makontena kwa mashine katika yadi moja ya jirani, na miaka yote hiyo aliona watu wakigombea vyumba Chaani: madereva, taniboi, makarani, wachukuzi. Kisha mizigo ikahamia kwenye reli, yadi zikafungwa moja baada ya nyingine, watu wakatawanyika, na nyumba zikaanza kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo Boga alipoiona bahati yake. "Mtu hununua wakati wenzake wanakimbia," alisema. Mishi, ambaye fungu lake la minazi huko Timbwani, alilorithi kwa mamake, ndilo lililouzwa kujazia bei, aliuliza neno moja tu: "Kilichokutoa wewe kazini si ndicho kilichowatoa wao vyumbani?" Boga akacheka. Chaani haiwezi kufa, alimwambia. Chaani iko mlangoni pa bandari.

Alikuwa bado anakifagia kile chumba kitupu Tinga alipopiga hodi.

Tinga hakuwa mpangaji. Kama nyumba nyingi za huko, hii ilikuwa nyumba bila ardhi: mwenye kuta na mabati ni mmoja, mwenye kiwanja ni mwingine, na mwenye kiwanja hudai kodi yake ya ardhi kila mwezi, vyumba vijae visijae. Tinga ndiye aliyetumwa kuikusanya. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, na adabu hazikumpungua.

"Shikamoo, Bi Mishi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni mtoto wako na nakuheshimu," alisema Tinga, akaketi kwenye kiti cha Judy cha kusukia bila kukaribishwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kusikika mpaka uani. "Lakini mwenye ardhi ameniambia nisirudi tena mikono mitupu. Nimwambie nini? Nimwambie Bi Mishi anafagia?"

"Mwambie wapangaji wamehama. Nisubirini mwisho wa mwezi."

"Wapangaji ni wenu. Sisi hatuna wapangaji, tuna ardhi." Akatazama ukuta, akaubisha kwa vifundo vya vidole. "Mkishindwa semeni mapema, mama. Nyumba ikianguka, mnajua, kiwanja kinarudi kwa mwenyewe. Hapo hatutafutani tena."

Uani, Kafedha alikuwa ameinamia beseni la nguo. Yeye na mumewe Kombe ndio waliokuwa katika kile chumba kingine chenye watu. Alikuwa ameacha kufua ili asikie, na Mishi alipotokeza baada ya Tinga kuondoka, alianza kufua tena kwa haraka.

"Kafedha, mwanangu. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia, mama Asmaa." Hakuinua uso. "Kombe ameenda langoni tangu alfajiri. Akipata safari moja tu ya lori, wallahi... Mungu ni shahidi, tutaanza na yako."

Kombe alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva wa lori. Zamani alikuwa na lori moja na dereva mmoja anayemjua. Siku hizi alisimama na wenzake nje ya mageti, akingoja dereva ambaye taniboi wake amechelewa au ameumwa. Mishi alilijua hilo. Alijua pia kwamba miezi mitatu imepita bila kodi.

Binti wa Kafedha na Kombe, Purity, akapita na sare ya shule na daftari kifuani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtihani lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akipenda." Alikuwa gredi ya tisa, mrefu kwa umri wake, na alitabasamu jinsi watoto wanavyotabasamu wanapojua wazazi wao wanadaiwa.

*

"Kombe ametuona sisi mafala," alisema Boga jioni ile huko Timbwani. Alikuwa amelala chali kwenye mkeka wa barazani, mkono juu ya macho.

"Kombe hana, Boga."

"Kila mtu hana! Mimi ninacho?"

"Tuwapunguzie. Walipe nusu. Nusu ya kitu si sawa na kukosa."

"Ukiteremsha bei leo haipandi tena mpaka kiama. Mtaa mzima utasikia kwamba kwa Boga ni nusu."

"Mtaa gani? Mtaa una watu?"

Boga akainuka akaketi. Mishi alimwona anavyomeza mate, akajua amemgusa mahali pabaya. Tangu ile nyumba ilipoanza kubaki tupu, mumewe alikuwa hapendi tena kwenda Chaani. Alikuwa na sababu kila mara, goti, jua, maziko ya fulani, na safari za kudai kodi zikawa za mkewe.

"Kesho twende na fundi tung'oe mlango wao," alisema. "Mtu akikosa mlango hulipa. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nimepanga Magongo, mwenye nyumba alining'olea wangu. Jioni ile ile alikuwa na pesa yake mkononi."

"Ulipata wapi?"

"Niliuza redio."

"Na Kombe auze nini?"

Boga alianza kuhesabu mambo mengine kwa sauti: kodi ya ardhi, karo ya chuo ya Asmaa binti yao, maneno ya Tinga kwamba kiwanja kinarudi. Kisha akasema lile ambalo Mishi alikuwa akilingoja na kuliogopa. "Minazi yako imo mle ndani, Mishi. Si yangu. Mimi nakupigania wewe."

Asmaa alikuwa kizingitini na birika. "Baba, mle si kuna msichana?"

"Kunywa chai yako," alisema Mishi, ingawa Asmaa hakuwa na chai.

Usiku ule Mishi hakusema ndiyo, wala hakusema la. Lakini asubuhi alivaa buibui lake mapema kuliko siku zote, na huko kuvaa ndiko kulikokuwa ndiyo yake.

*

Bawaba zilikuwa zimeliwa na kutu. Bisibisi haikufua dafu, ikabidi fundi atumie nyundo na tindo, na kila pigo lilitoa jirani mmoja nje. Boga alikuwa amekuja, lakini walipofika tu simu yake ilihitaji kuzungumziwa, akaenda kusimama kando ya barabara na simu sikioni. Mishi akabaki peke yake na fundi mbele ya chumba cha watu.

Kafedha alitoka uani mbio, mikono ina povu la sabuni. "Mama Asmaa, ni nini? Mngoje Kombe arudi, tafadhali. Azungumze na mwanamume mwenzake, baba Asmaa."

"Kombe nimemngoja sana, mwanangu."

"Mpaka jioni tu."

Fundi alikuwa amebakisha bawaba ya chini. Akasita, nyundo mkononi, akamtazama Mishi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na ilionekana angefurahi kuambiwa arudi nyumbani. "Ning'oe?"

Kulikuwa na wanawake watano au sita barazani sasa. Mishi alihisi wote wanamngoja yeye, kwamba akirudi nyuma hapa hakuna mpangaji atakayemlipa tena maisha yake.

"Ng'oa," alisema.

Mlango ukatoka na chumba chote kikawa nje. Kitanda na pazia lililokigawanya chumba mara mbili. Sufuria tatu. Vitabu vya Purity vimepangwa juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa. Na kwenye uzi uliofungwa pembeni, nguo ndogo za ndani za yule msichana, zilizoanikwa mle chumbani kwa sababu hazianikwi uani mbele za watu. Kafedha hakuukimbilia mlango wala hakumkimbilia fundi. Aliuendea ule uzi. Alizichuma zile nguo moja moja, zingali mbichi, akazikumbatia kifuani, akabaki amesimama amewapa mgongo.

Boga alirudi simu yake ilipokwisha, akashika upande mmoja wa mlango, fundi akashika wa pili, wakaupeleka kwenye chumba kitupu cha mwisho wakaufungia kwa kufuli.

*

Kesho yake Mishi akaja kuchukua pesa zake, kama Boga alivyomwahidi kwamba zitakuwapo. Mahali pa mlango palikuwa pamening'inia leso. Akasimama mbele yake bila kujua abishe nini, mwishowe akapiga hodi kwa mdomo.

"Karibu, mama," ilisema sauti ya Kombe. "Ungebisha, lakini mlango unao wewe."

Akaisogeza leso, akatoka. Mishi alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alikuwa hata na majibu yake. Lakini Kombe, mtu mfupi, mpana wa mabega, alitoa noti chache zilizokunjamana mfukoni akampa kwa mikono miwili. "Ndizo za jana. Nilipata kubeba gogo za mtu mmoja. Nyingine zikija nitaleta."

Zilikuwa hazifiki hata sehemu ya kumi. Mishi alizipokea. Njiani kwenda feri, kuvuka kurudi Timbwani, alizifikiria zile noti, akajua kwamba ndizo chakula cha siku ile cha watu watatu, na kwamba alikuwa amezipokea na kuzitia mkobani na kusema ahsante.

Mlango haukurudi. Boga alisema deni ni deni, ukimrudishia kwa hizo amekushinda. Judy akawa anamlaza Purity chumbani kwake. Alimwambia Mishi hivyo waziwazi, akiwa anamsuka mteja, bila kumtazama.

"Msichana hawezi lala room haina mlango, mathe. Wasee wa mtaa wanapita hapa usiku wakienda choo. Unajua?"

"Najua, mwanangu."

"Kama unajua, basi." Akavuta uzi wa nywele kwa meno. Kisha akasema kwamba mwisho wa mwezi na yeye atahama. Amepata mahali Mikindani. "Mimi sina deni yako, hapo tuko sawa. Lakini leo ni kwa Kafedha. Kesho nikikosa wateja wiki mbili, si ni kwangu?"

Judy akaondoka kweli, na kiti chake cha kusukia. Siku iliyofuata Kafedha alimpandisha Purity gari kwenda kwa shangazi yake Mariakani, na begi la vitabu na nguo mbili. Kombe na mkewe walikaa kidogo zaidi nyuma ya ile leso, kisha nao wakahama. Hawakuhama kisirisiri. Walihama mchana, jua la utosi, na Kafedha alimngoja Mishi ili amkabidhi chumba. Kilikuwa kimefagiwa mpaka pembeni.

"Kufuli ni yenu tuliyoikuta," alisema, akampa na ufunguo wake. "Deni tunalijua. Kombe hatakimbia."

*

Nyumba isiyo mtu huliwa. Mishi alilisikia neno hilo toka kwa mama mmoja wa jirani aliyekuwa akiuza maharagwe barazani, na hakulisahau. Walikuwa wametundika ubao: VYUMBA VYA KUPANGISHA. Watu wawili watatu walikuja kutazama. Mmoja aliuliza bei, akatajiwa nusu, kwa kuwa Boga sasa alikuwa amekubali nusu, akasema atarudi. Mwingine, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye chumba kile, akatazama mashimo ya bawaba kwenye fremu. "Kumbe ni hapa," alisema. Akaondoka bila kuuliza bei.

Basi Mishi akaamua kwenda Jomvu Kuu. Alikuwa ameambiwa kwamba Kafedha na Kombe wamepata pa kujisitiri huko, kwa bibi mmoja mwenye kibanda karibu na mkono wa bahari, na kwamba Kombe anamlimia bibi huyo shamba lake la mihogo badala ya kodi. Hakumwambia Boga. Alinunua kilo mbili za unga na sukari, akavifunga kwenye mfuko mweusi, akaenda.

Kafedha alikuwa ameketi nje akimenya mihogo. Alipomwona Mishi aliinuka, akafuta mikono, akatandika mkeka. "Shikamoo, mama. Karibu." Akamletea chai ya rangi kwenye kikombe kizima, yeye akinywea kilichovunjika mkono. Mishi angependa afukuzwe.

Wakaulizana hali. Kombe hajambo, yuko shambani. Baba Asmaa hajambo, goti tu. Chai ikafika nusu ndipo Mishi akapata ulimi wake.

"Kafedha, nimekuja kwa neno moja. Rudini Chaani."

Kafedha akakishika kisu chake tena.

"Mlango nimeshasema urudishwe leo. Mkae chumba mnachokitaka, hata cha mbele. Na kodi..." Akavuta pumzi. "Kodi sitaki. Wala deni sitaki. Mkae bure, mpaka Kombe apate kazi. Nyumba ipate watu tu."

"Bure."

"Bure, mwanangu. Wallahi."

Kafedha alichukua muhogo, akaumenya wote mpaka mwisho, akauweka kwenye sufuria. "Miezi ile mitatu, mama, nilikuwa nikilala naota unakuja kuniambia maneno haya. Nusu yake tu. Robo yake." Hakuwa amepandisha sauti. "Sasa umeyaleta kwa sababu nyumba inakuogopesha wewe."

Mishi hakukataa.

"Na Purity hajambo?" aliuliza, kwa kukosa pa kushika.

"Yuko Mariakani. Anamsaidia shangazi yake kuuza mandazi stendi."

"Na mtihani?"

Kafedha akamtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Wenzake wameanza juzi. Leo asubuhi walikuwa wanaandika hesabu."

"Si nauli tu? Ningetoa nauli. Kesho alfajiri aje, aufanye huko huko shule—"

"Alisajiliwa Chaani, mama. Alale Chaani kwa nani? Judy hayuko. Na mtu aliyekosa karatasi tatu, ya nne ataifanyia nini?" Akainua sufuria, akaipeleka jikoni, akarudi. "Sikutukani. Umri wako ni wa mamangu. Na unga nakushukuru. Ila kurudi, sirudi."

Alimsindikiza mpaka njiani, kama inavyopasa kumsindikiza mgeni.

*

Wezi walikuja wiki ile ya mvua za kwanza za vuli. Yule mama wa maharagwe alipiga simu alfajiri, na safari hii Boga hakuwa na goti wala maziko. Walipofika walikuta mabati yote ya upande wa nyuma yameng'olewa, na mengi ya mbele, nyaya za stima zimevutwa toka ukutani kama mishipa, mabomba yamekatwa, na milango, yote minane, haipo. Hata ule waliokuwa wameuficha kwenye chumba cha mwisho. Kufuli yake ilikuwa imelala chini, nzima.

Boga alizunguka ukumbini akigusa huku na huku. Alikuwa na fulana tu na msuli, kwa haraka aliyotoka nayo. Akaketi juu ya rundo la lipu iliyobomoka, akaweka mikono magotini, na mvua ikaanza tena, ikamnyeshea akiwa ndani ya nyumba yake. Hakusogea. Mishi alimvuta mkono mpaka penye bati moja lililosalia.

"Nilikuwa nataka ukizeeka usiombe mtu," alisema Boga. "Nilitaka hilo tu."

"Najua."

"Uliniambia. Siku ile ile uliniambia."

"Usiyarudie hayo, Boga."

Maji yalikuwa yakiteremka kwenye kuta. Zilikuwa kuta zenye nguvu chini ya bati, lakini ndani ya lipu ni udongo, na udongo ulikuwa umeanza kutoka mwekundu kwenye nyufa, ukitiririka mpaka sakafuni. Mchana Tinga akaja, mwavuli mkononi. Aliamkia kama kawaida. Alizunguka nyumba yote nje, akadidimiza kidole ukutani, kidole kikaingia mpaka kifundo.

"Poleni sana," alisema, na huenda alikuwa mkweli. "Vuli hii ikiishia hivi, haitasimama. Mkitaka kuyaacha mambo mapema tusisumbuane, mwenye ardhi anaweza kuwasamehe ile mnayodaiwa."

"Tutaezeka," alisema Mishi.

Boga akamgeukia, hajui pesa zitatoka wapi. Mishi naye hakujua bado. Alijua usiku ule, kule Timbwani, alipokuwa akisikia mvua ikianguka juu ya bati zima la nyumba yao wenyewe. Nyumba ile ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa karibu na feri, ilikuwa na maji na stima, na watu wa kupanga huko hawakuwa wamekwisha. Ndiyo nyumba pekee waliyokuwa nayo ambayo mtu angeitaka.

*

Aliyeitaka aliitwa Dhahabu, mwalimu wa chekechea, na mumewe. Mishi aliwazungusha. Dhahabu alifungua bomba, akanusa choo, akauliza jikoni moshi unatokea wapi. Yalikuwa maswali ya haki. Mishi alikuwa amepika humo kwa miaka ishirini na hakuwahi kufikiri kwamba moshi ule ni kasoro.

"Jambo moja, mama, na usinielewe vibaya," alisema Dhahabu walipofika mlangoni. "Tulipotoka mwenye nyumba alikuwa akija kila siku. Mara kuangalia limau zake, mara amesahau hiki. Nyinyi hamtakuwa mkijakija?"

"Hatutakuja," alisema Mishi.

Wakalipa kodi ya miezi kadhaa mbele. Boga aliipeleka Chaani karibu yote, akanunua mabati, mbao na misumari, akapanda mwenyewe juu pamoja na fundi, goti na yote. Lakini karibu yote si yote. Kabla ya kumpa, Mishi alikuwa ametoa fungu lake, akalituma kwa simu kwa Kafedha, na ujumbe mmoja: Ni ya Purity, arudie darasa Januari. Kafedha hakujibu. Pesa nazo hazikurudi.

"Bati mbili zimepungua," alisema Boga jioni, akipiga hesabu zake. "Juu ya ukumbi patabaki wazi. Nilidhani zitatosha."

"Zingetosha. Nyingine nimezitoa."

Boga akamtazama kitambo. Uso wake ulikuwa umekonda siku hizo chache. Hakuuliza ni kwa nani. "Basi tutaweka turubai," alisema.

Wakahamia Chaani, wao na Asmaa, kwenye vyumba viwili vya mbele. Milango ilikuwa ya mbao za masanduku. Majirani waliwasaidia kushusha vitu, isipokuwa wachache waliobaki barazani mwao wakitazama, na Mishi aliwaamkia wote, waliojibu na wasiojibu.

Siku ya tatu aligundua amesahau mbuzi ya nazi ya mamake kule Timbwani, nyuma ya mlango wa jikoni. Alijizuia mpaka alasiri. Kisha akavuka feri, akapanda ile njia aliyoipanda maisha yake yote, akafika. Pazia la dirishani lilikuwa jingine. Ndani kulikuwa na harufu ya pilau na redio ikiimba. Mkono wake ulikuwa umeshashika kitasa ndipo akauondoa.

"Hodi," alisema.

"Nani?" iliitika sauti ya Dhahabu.

Akafungua mdomo. Mama Asmaa haikuwa na maana humo ndani tena, wala Bi Mishi.

"Nani huko?"

"Mama wa Chaani," alisema Mishi. "Samahani, mwanangu. Nimesahau kitu kidogo."

Dhahabu alifungua, akacheka kwa haya, akakumbuka maneno yake ya siku ile. Akaileta mbuzi, ameipangusa vumbi. Akamkaribisha ndani ale, akasisitiza, lakini mawingu yalikuwa yamefunga upande wa bara na Mishi hakutaka kukaa. Alirudi na mbuzi kwapani, na mvua ikamkuta amekwisha shuka Changamwe. Alipoingia Asmaa alikuwa amepanga masufuria yote sakafuni chini ya pale palipokosa bati, na Boga yuko juu ya ngazi, amelowa, ameishikilia turubai kwa mikono miwili upepo usiichukue.

"Shika ngazi," alimwambia.

Mishi akaiweka mbuzi chini, akaishika.